Kocha Aliyekopa Watoto

Walisema hataweza. Ukimuuliza mtu yeyote wa Ruashi, mtaa wetu wa Lubumbashi, habari za Kocha, ataanza na hilo, hasa wale waliosema.

Walisema hataweza kuwafundisha watoto wa vumbi jekundu kukaa juu ya maji. Muuza saruji wa kona yetu, mtu wa asili ya Kasai mwenye sauti iliyofika mbali kuliko duka lake, alikuwa akisimama mbele ya magunia na kupiga kelele kila tulipopita na makasia yetu mabegani: "Batoto ba Ruashi na maji? Hata kuoga tu banakataa!" Katekista wa parokia alisema kwamba hata tukijifunza, mpaka wa Kasumbalesa hatutauvuka, kwa maana hakuna afisa mwenye akili timamu atakayemruhusu mwanamume mmoja kupita na watoto wa watu wengine na mitumbwi ya plastiki. Na mama yangu mwenyewe, ambaye baadaye alimheshimu Kocha kuliko padri, alisema mtu asiyeweza kufika sokoni saa aliyoahidi atawezaje kufika Zambia.

Alifika Zambia. Alifika mara nyingi, na kila mara alituvusha, akatuingiza kwenye maji ya Zambezi, na kuturudisha nyumbani. Mara moja tu alirudi na pengo, na pengo hilo ni mimi.

Mimi ninayeandika haya nina diploma ya uongozaji wa mito na usimamizi wa michezo, niliyoipata ugenini kwa jasho langu. Nina nyumba ya ghorofa hapa hapa Ruashi, yenye vigae hadi kwenye baraza. Nina shule yangu ya kayaki, yenye mitumbwi mipya, kofia ngumu mpya, na jaketi za kuokolea zenye nembo yangu mgongoni. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme nayasema kwa kujisifu, kwa sababu hakuna aliyenipa bure, lakini pia nataka msomaji ajue kwamba ninaposema Kocha alikuwa mwalimu mbovu wa kayaki, nasema kwa ujuzi.

Alikuwa mbovu kweli. Alitufundisha kuinama upande usiofaa wimbi linapokuja, jambo ambalo lingeweza kutuua, na nilipofika chuoni ilinichukua muhula mzima kulisahau. Alishika kasia kama mtu anayesonga bukari, ugali wetu, katika sufuria ya harusi. Yeye mwenyewe akipinduka hakuweza kuugeuza mtumbwi na kuinuka tena. Alitoka ndani yake akihema, akaogelea kwa kupigapiga mikono mbele kama mbwa, na akifika ukingoni alitutazama kwa ukali kana kwamba sisi ndio tuliopinduka. Aliogopa vyura. Mtu aliyeongoza watoto kupita karibu na viboko aliruka juu ya kiti siku chura alipoingia darasani.

Zile kayaki zetu za kwanza hakuna aliyejua ni kitu gani. Mhandisi mmoja mgeni wa mgodini aliziacha ghalani alipomaliza mkataba wake, na kwa muda mrefu zililala pale chini ya vumbi. Wengine walidhani ni majeneza ya watu wembamba. Mke wa mlinzi wa ghala aliomba apewe moja aloweke mihogo. Kocha, ambaye wakati huo alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya msingi, ndiye pekee aliyekaa ndani ya mojawapo, palepale sakafuni, akachezesha mikono hewani, na akasema: "Hii ni ya kwenda fasi." Hakusema ni mahali gani. Nadhani hakujua.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sisi tulimkuta akiwa tayari ni Kocha, na hatukufikiri kwamba aliwahi kuwa kitu kingine. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kuinama mbele, na alivaa tai hata siku za kwenda majini. Aliitoa ukingoni, akaikunja, akaiweka ndani ya kiatu. Alituzuia kula peremende, na mfuko wake ulijaa peremende. Alimfukuza mazoezini mtoto aliyechelewa, halafu yeye mwenyewe akafika mazoezi yakiwa nusu, akiendesha baiskeli yake kwa kasi, kengele ikilia tangu kona ya muuza saruji, makasia yamefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma.

Baiskeli hiyo aliipenda. Watu wa kwetu huiita kinga, na ya Kocha ilikuwa nyeusi, nzito, na kengele yake ilikuwa kubwa kama kikombe cha chai. Kutoka nyumbani kwake Ruashi hadi kwenye lile ziwa dogo tulikojifunzia ni mwendo wa kuchosha hata kwa kijana. Sisi tulipanda basi dogo. Yeye alikuja kwa baiskeli, kila siku.

Maneno yake yalikuwa machache na yote yalihusu mambo ya kawaida. Lile tulilolisikia zaidi ni: "Kauka kwanza, njo useme," yaani kauka kwanza, ndipo useme. Mtoto akitoka majini analia, analalamika kwamba mwenzake amemgonga, au anaapa kwamba hatarudi tena, Kocha hakumsikiliza. Alimpa kitambaa. Alimngoja. Mtoto akishakauka, mara nyingi alikuwa hana la kusema tena, au alisema jambo jingine kabisa lililokuwa la kweli zaidi. Nimelijaribu hilo katika shule yangu. Kwangu halifanyi kazi, sijui kwa nini. Watoto wangu wakikauka huendelea kulalamika.

Afisa wa mpakani, mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alitusimamisha mara ya kwanza kabisa tulipovuka. Akazunguka gari letu, akagusa mitumbwi juu ya paa.

"Papa, hii bintu ni bya nini?"

"Ni bya kutembea pa maji."

"Inakosa motere?"

"Motere ni mikono."

"Onyesha."

Na Kocha akaonyesha. Akateremsha kayaki, akaiweka kwenye lami kati ya malori ya shaba, akaingia na tai yake shingoni, akapiga makasia hewani kwa uso mzito kama wa mtu aliye kwenye maporomoko. Madereva wa malori walitoka wote. Mmoja akapiga honi. Mwingine akapiga kelele: "Papa, uangalie mamba kwa kushoto!" na Kocha, bila kucheka, akakata kona kulia. Afisa alicheka hadi kofia ikaanguka. Akatugongea mihuri. Tangu siku hiyo kila tulipopita aliuliza: "Na mamba?" Kocha alijibu: "Anakusalimia."

Lakini jambo lililomfanya Kocha awe Kocha, ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote katika nchi nilizopita, ni jinsi alivyotuomba kwa wazazi.

Hakuomba ruhusa. Alikopa. Wiki ya safari alipita nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni, akasema: "Mama, minakuya kukopa mutoto." Na kwa kuwa mkopaji huacha kitu, aliacha kitu. Si kitu cha mchezo. Kwa katekista aliacha godoro lake. Kwa muuza saruji, ambaye alikuwa na binti mwenye mikono ya chuma, aliacha redio. Kwa Mama Odile aliacha pasi ya makaa na meza. Nyumba yake ilibaki tupu kadiri safari ilivyokaribia, hadi majirani wakamwuliza: "Kocha, unahama?" naye akajibu: "Hapana, minakopa." Usiku wa mwisho kabla ya safari alilala kwenye mkeka, bila redio, katika nyumba ambayo ungeweza kusikia mwangwi ndani yake.

Kwa mama yangu, Mama Nadine, aliacha baiskeli. Nadine ni dada yangu mkubwa; mimi nilikuwa mtoto wa mwisho na wa kiume pekee. Mama alisema mkopo kama huo hauchukuliwi kwa meza.

Tuliporudi, ile ilikuwa sikukuu. Kocha alitusindikiza mmoja mmoja hadi mlangoni, kwa miguu, tangu mahali basi lilipotuteremsha. Kabla ya kugonga alitunyoosha kola, akalamba kidole gumba, akatufuta kona ya mdomo, hata sisi tulioanza kuota ndevu. Mzazi alitoka. Maneno yalikuwa yaleyale kila nyumba.

"Umeleta?"

"Nimeleta. Angalia kama eko muzima."

Na mzazi alitugeuza kama nguo ya sokoni: masikio, meno, magoti, nyuma ya shingo. Kama kulikuwa na mchubuko, Kocha aliuonyesha mwenyewe kabla haujaonekana: "Hapa pa goti alikwaruzika. Ni Zambezi, haiko ugomvi." Mzazi akisema, "Eko muzima," ndipo kilichowekwa kilitolewa nje. Mwishoni mwa alasiri Kocha alirudi kwake na mkokoteni wenye godoro, meza, na redio ikilia, sisi tukisukuma, na yeye mbele juu ya baiskeli akipiga kengele.

Ndiyo maana pia hakutuita kwa majina. Safarini, asubuhi na jioni, alituita kwa majina ya wenye mali. "Mama Odile!" na kijana wa Mama Odile akajibu, "Niko!" "Mwenye saruji!" na yule binti akajibu. "Mama Nadine!" na mimi nikajibu. Watu wa kambi ya mto kule Livingstone walidhani tunasali litania.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipachelewesha.

Safari yangu ya mwisho nilikuwa nimeshamaliza shule ya sekondari. Nilikuwa mtu mzima, wa kupiga kura. Nilikuwa bora kuliko wote, bora kuliko Kocha kwa mbali, na kila aliyesimama ukingoni aliliona. Mama mmoja Mzambia aliyesimamia kambi ya mto aliniita pembeni akaniambia kuna nafasi: nibaki, nifanye kazi ya kusaidia waongozaji, na baadaye kuna chuo kusini kinachochukua vijana kama mimi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Sikuwaza. Leo nikiulizwa kama ningejibu vingine, nitasema hapana, na ndicho kinachonisumbua. Sikukosea kubaki. Kila nilichonacho kilitoka pale.

Nilimwambia Kocha asubuhi ya kuondoka, basi likiwa limewashwa na wenzangu wameshakaa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka majini; nilikuwa nimeingia mara ya mwisho ili yule mama anione.

"Kocha, mi nabaki."

Alinitazama miguuni, ambako maji yalikuwa yanatengeneza kidimbwi. "Kauka kwanza, njo useme."

"Nimeshakauka, Kocha."

"Hapana. Uko unatona maji."

"Nabaki. Wamenipa kazi. Na chuo."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia: "Mama yako nitamuambia nini?"

"Umuambie nitarudi mwenyewe."

"Nilimuambia miye njo nitakuleta."

Nikacheka. Kicheko cha kijana aliyeona dunia inafunguka. Yeye alitoa kitambaa chake kikavu begani, akanipa, akapanda basi. Kupitia dirishani nilimsikia akianza kuita. "Mama Odile!" "Niko!" "Mwenye saruji!" "Niko!" Lilipofika jina la mama yangu basi lilikuwa limeanza kwenda, na sikusikia kama aliliita.

Aliliita. Nililijua baadaye, kutoka kwa yule kijana wa Mama Odile, ambaye leo ni mwalimu katika shule yangu. Alisema Kocha aliliita siku ile na kila safari iliyofuata, na kila siku ya mazoezi pale ziwani, miaka yote. "Mama Nadine!" Halafu kimya, mtu angeweza kuvuta pumzi mbili tatu. Halafu jina linalofuata. Watoto wapya ambao hawakunijua walidhani ni namna ya sala, na mmoja wao mdogo alizoea kuitikia "Amina".

Safari zilizofuata hazikuwa nyingi. Kocha alipokwenda tena kwa muuza saruji kumkopa mtoto wa pili, yule mzee hakumpigia kelele kama zamani. Alimkalisha kwenye gunia na kumwambia kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi: "Kocha, uko na ya Mama Nadine. Maliza ile kwanza." Kocha alisema, "Ni kweli," akasimama, akaenda. Nyumba baada ya nyumba ilikuwa hivyo. Hawakumchukia. Walimwona kama mkopaji ambaye bado hajarudisha, na yeye alikubaliana nao kabisa. Watoto wengi wa rika lililonifuata hawakuuona Zambezi.

Na baiskeli ilibaki kwa mama yangu. Mama alijaribu kumrudishia tangu wiki ya kwanza. Aliisukuma mwenyewe hadi kwake. "Kocha, chukua kinga yako. Mutoto alikataa kurudi, haiko kosa yako." Kocha akaishika usukani, akaigeuza, na akaisukuma kurudi kwetu, mama akimfuata nyuma akilalamika barabara nzima. Akaiegemeza ukutani sebuleni. "Mama, iko inangojea mutoto." Mama alijaribu tena mwaka uliofuata, na mwingine, hadi akachoka. Akawa anaipaka mafuta kila Jumamosi na kuifunika kitambaa cha kufumwa kama televisheni.

Kocha alitembea. Ruashi hadi ziwani, ziwani hadi Ruashi, makasia begani, jua na mvua, mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Mimi nilikuwa nikituma picha: mimi na joho la mahafali, mimi juu ya maporomoko, mimi na gari. Mama alinisimulia kwa simu mambo mengi ya mtaa, lakini habari ya Kocha kutembea hakunisimulia. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema: "Ungefanya nini? Ungetuma kinga ingine."

Alinijua. Ndivyo nilivyofanya hasa.

Nilirudi Lubumbashi nikiwa mtu. Nilishuka kwenye ndege nikaenda moja kwa moja kwa mama, magari mawili yakinisindikiza, na Jumamosi nikafanya karamu katika lupango letu, ua mzima chini ya turubai, mbuzi, samaki wakubwa wa Pweto, muziki. Nikapewa kipaza sauti. Nilizungumza vizuri, chuo kilinifundisha hata hilo. Nikasema nilikotoka na nilikofika. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu yalipigiwa makofi: "Hakuna aliyenipeleka, na hakuna aliyenirudisha. Nimejirudisha mwenyewe!"

Wageni walipoondoka mama alikuwa anaosha sahani bila kunitazama.

"Kocha alikuya," alisema.

"Lini? Sikumwona."

"Alisimama pa mulango ya lupango. Alivaa tai. Akasikia ile maneno yako, akarudia kwake."

"Kwa nini hakuingia, Mama?"

"Aingie aseme nini? Ulishamuambia kila mutu ulijirudisha. Na kinga yake iko mu nyumba, bantu bote banaiona."

Nilijiambia nitakwenda kumwona kesho yake. Nilikuwa na shule ya kufungua, mitumbwi iliyokwama forodhani, vibali. Kesho ikawa miezi. Nilimwona mara moja kwa mbali, kutoka ndani ya gari langu, akitembea kandokando ya barabara na fimbo, magoti yake yakifunguka nje kama bawaba zilizolegea. Sikusimamisha. Nilikuwa na wageni ndani ya gari, ndivyo nilivyojiambia. Niliona magoti yale, na wakati huo sikujua hata sababu yake, lakini mwili wangu ulijua, maana nilipandisha kioo.

Ni kijana wa Mama Odile aliyenisimulia yote, siku tuliyokuwa tukipanga kayaki mpya rafuni. Aliongea bila ubaya, akidhani najua. Akamalizia: "Na sasa anahamia Pweto, kwa dada yake. Lori ya samaki itamuchukua juma hili. Ila anasema hawezi kwenda bado."

"Anangoja nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Si weye, yaya," akasema, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

Jioni ile nilinunua baiskeli bora iliyokuwepo mjini, yenye gia na kiti laini, nikaipeleka kwa Kocha nyuma ya gari. Nilimkuta ameketi kwenye kiti mlangoni, nyumba yake imefungwafungwa katika magunia. Shingo ilikuwa imeinama zaidi. Tai ilikuwepo.

"Mutoto ya Mama Nadine," alisema.

"Kocha."

"Banasema ulifika."

"Nilifika, Kocha. Samahani nimechelewa kuja kukusalimia, kazi nyingi..."

"Nani alikuleta?"

Niliviona akilini vigae vya baraza langu, kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Nilikuja mwenyewe."

"Njo vile." Alitikisa kichwa polepole, bila hasira. "Kumbe hauyafika bado."

Nikateremsha baiskeli mpya. Nikamwonyesha breki, taa. Aliitazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa.

"Ni ya nani?"

"Ni yako, Kocha. Zawadi."

"Yangu iko kwa Mama Nadine."

Nikaanza kueleza. Nilisema kwamba ilikuwa nafasi ya maisha, kwamba mama yangu hakumlaumu kamwe, kwamba wote wanamheshimu, kwamba nitampa kazi, cheo, nitaweka jina lake kwenye ukuta wa shule. Maneno yalitoka mengi, mazuri, yaliyopangika, na katikati yake uso wangu ukalowa. Aliniacha niongee kidogo. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akaninyooshea.

"Kauka kwanza."

Nilikauka. Ilichukua muda. Na nilipokauka nikagundua sina la kusema isipokuwa moja. "Unirudishe, Kocha."

"Kesho asubuhi," alisema, akisimama kwa kujisukuma na fimbo, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, nikaona jino lake. "Pale busi ilikuwa inatuteremusha. Usikuye na gari. Ukuye umechana nywele."

"Sina nywele tena, Kocha."

"Basi upake mafuta."

Asubuhi alikuwa ameshafika kabla yangu. Mara moja tu maishani mwake aliwahi. Tulitembea. Ni njia fupi ambayo gari langu huimaliza kabla wimbo wa redio haujaisha, lakini kwa magoti yale tulisimama kwenye kila kivuli cha ukuta. Alinishika mkono juu ya kifundo, kama unavyomshika mtoto karibu na malori. Nilikuwa nimevaa shati la nembo yangu. Watu walitoka barazani. Mwanafunzi wangu mmoja alipita na mama yake, akashangaa, akaniamkia, nami sikuweza kuinua mkono kwa sababu ulikuwa umeshikwa. Muuza saruji, mzee sasa, ameketi mbele ya magunia yaleyale, aliangalia kwa muda mrefu. Nilingoja kelele zake. Alivua kofia tu.

"Kocha," alisema. "Umemupata?"

"Nimemupata."

Mbele ya mlango wetu alisimama. Akaninyoosha kola. Akalamba kidole gumba, akanifuta kona ya mdomo, mimi mwenye diploma. Halafu akagonga.

Mama alitoka na kitambaa cha jikoni mkononi. Alituona. Uso wake ulibadilika, lakini hakutabasamu. Alijua kwamba hapo hapatabasamiwi. Akajipangusa mikono, akasimama wima.

"Umeleta?"

"Nimeleta," alisema Kocha, akakohoa, akarudia. "Nimeleta, Mama. Nilichelewa. Angalia kama eko muzima."

Mama alinigeuza. Masikio. Meno. Alinishika kiwiko chenye kovu la jiwe la mto ambalo hakuwahi kuliulizia. Nyuma ya shingo alikaa zaidi, vidole vyake vikiwa na harufu ya kitunguu.

"Amenenepa," alisema.

"Ni chakula ya kule," alisema Kocha. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuonyesha mchubuko kabla haujaonekana, akaongeza: "Na hapa pa kinywa, Mama. Ile ya kujisifu. Sijui aliipata wapi. Kwangu haikutoka."

Mama alinitazama, halafu akamtazama yeye.

"Ile alikuwa nayo tangu zamani, Kocha. Nilikukopesha nayo."

Kocha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Ni kicheko chembamba, cha mtu mdogo. Mama akacheka pia, kitambaa mdomoni, na mimi nikasimama katikati yao nimeshikwa mkono, nikingoja neno moja ambalo sikuwa na haki ya kulidai.

"Eko muzima," alisema mama.

Kocha akauachia mkono wangu.

Mama aliingia ndani, akaondoa kile kitambaa cha kufumwa, akaisukuma nje. Ilikuwa nyeusi, ikimetameta kwa mafuta ya Jumamosi zote zile, na matairi yake yalikuwa yameoza, yametandazika chini kama ndimi. Nilifungua mdomo niseme nina matairi, nina fundi, nina gari la kuibeba hadi Pweto. Nikaufunga.

Alipitisha mkono juu ya kiti. Fimbo yake akaifunga nyuma kwa ule mpira wa makasia, ambao ulikuwa bado upo. Hakujaribu kupanda, wote watatu tulijua hatapanda tena. Aliegemea usukani kwa mikono miwili, na nikaona kwamba akiwa hivyo magoti yalibeba kidogo tu, na alikwenda vizuri kuliko alivyokuja. Alipitia barabara ya kati, penye watu wengi, rimu zikikwangua kokoto, na alipofika kwenye kona ya muuza saruji tuliisikia kengele, mara moja, kisha tena na tena, mpaka mwisho wa mtaa. Alikuwa hadaiwi na mtu.